McMillan: Bwana wa mahema aliyelala Kilimambogo

UKIABIRI gari kutoka Thika kuelekea Garissa, kisha ukakata kulia na kuvuka Mto Athi karibu na maporomoko ya Fourteen Falls, mlima mmoja utakukabili uso kwa uso. Umesimama peke yake katikati ya nyanda, mfano wa mzee aliyeachwa nyumbani wakati jamaa zake wote wamekwenda sokoni. Wamaasai waliuita Ol Donyo Sabuk, maana yake mlima mkubwa. Wakamba huuita Kyanzavi. Wengine huuita Kilimambogo, kwa sababu ya nyati ambao tangu jadi wamejificha katika msitu wake.

Kilele cha mlima huu ulio katika kaunti ya Machakos kina kimo cha mita 2,145 kutoka usawa wa bahari. Yapata kilomita saba kutoka langoni, kabla ya kukifikia kilele hicho, barabara ya mlimani hupita kando ya uwanja mdogo wenye makaburi. Hapo ndipo wanafunzi na vijana wanaoukwea mlima siku za mapumziko hutua mikoba yao, wakanywa maji na kupiga picha. Wengi hulisoma jina lililochongwa kwenye jiwe, wakashangaa kidogo, kisha wakaendelea na safari.

Jina hilo ni la William Northrup McMillan, tajiri mzaliwa wa Marekani aliyeaga dunia mwaka 1925. Wakazi wa Nairobi wanalijua kutokana na maktaba iliyo jirani na Msikiti wa Jamia. Lakini kabla ya kuwa jina la maktaba, McMillan alikuwa mtu wa mahema. Maisha yake yalipita katika kupiga kambi nyikani, kuwinda, na kuwakaribisha wakubwa wa dunia waliokuja kuionja raha hiyo. Kisa chake ni kisa cha jinsi starehe ya porini ilivyoanza humu nchini, nani aliyeifaidi, na nani aliyeibeba mabegani.

Mali ya magari ya reli

McMillan alizaliwa mwaka 1872 katika jiji la St. Louis, jimbo la Missouri. Baba yake, William McMillan, alikuwa mtu wa asili ya Kanada aliyejichumia utajiri mkubwa katika biashara ya kuunda mabehewa ya reli. Enzi hizo Marekani ilikuwa ikitandaza reli kutoka bahari hadi bahari, na aliyeuza mabehewa hakukosa mnunuzi. Kampuni ya mzee huyo iliunganishwa na nyingine mwaka 1899, ikazaliwa American Car and Foundry, mojawapo ya kampuni kubwa za aina hiyo nchini humo.

Mzee alipofariki mwaka 1901, mwanawe alirithi mali ambayo asingeweza kuimaliza hata kama angeishi miaka mia. Kijana huyo alikuwa amemwoa Lucie Fairbanks Webber miaka michache kabla ya hapo. Angeweza kukaa St. Louis, akahesabu faida na kuhudhuria karamu. Hakufanya hivyo. Alikuwa mtu wa mwili mkubwa mno, ambaye unene wake ulizungumzwa kila alikopita, lakini moyo wake ulikuwa wa mtu mwepesi. Ulitamani mbali.

Katika miaka hiyo, matajiri wa Ulaya na Marekani walikuwa wamezua aina mpya ya starehe. Miji yao ilikuwa imejaa moshi wa viwanda, na nyika zao zilikuwa zimepungua. Nyati wa Amerika waliokuwa wakihesabiwa kwa mamilioni walikuwa wamebaki mamia tu. Kwa hiyo mwenye fedha aliyetaka kulala hemani, akasikia mngurumo wa mnyama usiku na kuamka na umande miguuni, ilimbidi aifuate nyika ilikokuwa. Afrika Mashariki ilikuwa mojawapo ya pahali hapo, hasa baada ya reli ya kutoka Mombasa kufika Kisumu mwaka 1901.

Mashua zilizovunjika kaskazini

Hata hivyo, McMillan hakuanzia Kenya. Alianzia kaskazini ya mbali, Ethiopia, kwa jambo ambalo halikuwa limefanywa na yeyote. Mwaka 1903 aliazimia kuteremka kwa mashua katika Mto Nili wa Buluu, kutoka nyanda za juu za Ethiopia hadi Sudan.

Mto huo huanzia Ziwa Tana, ukapita katika bonde lenye kina cha zaidi ya kilomita moja. Kuta zake ni miamba, joto lake ni la tanuri, na maji yake huporomoka kwa nguvu ya kuvunja chuma. Watu wa nyanda za juu waliuheshimu mto huo na kuuogopa, wakauvuka pale tu penye kivuko. McMillan alikwenda Addis Ababa, akapata idhini ya Mfalme Menelik wa Pili, na akazisafirisha hadi mtoni mashua zilizoundwa mahususi kwa kazi hiyo. Mwenzake, raia wa Norway aliyeitwa Jessen, alipanda na chombo cha mvuke kutoka Khartoum ili wakutane katikati.

Hawakukutana. Mashua za McMillan zilivunjika katika maporomoko siku chache tu baada ya kushushwa majini. Jessen naye alizuiwa na maporomoko ya upande wa Sudan. Fedha nyingi na matayarisho ya miezi mingi viliishia mawe ya mtoni. Mwenda tezi na omo hurejea ngamani, na McMillan ilimbidi arejee kwa miguu.

Tusimcheke. Hata mwaka 1968, kikosi kikubwa cha Uingereza kilichokuwa na mashua za mpira za kisasa kilipata shida katika mto huohuo na kumpoteza mwenzao mmoja. Ilichukua hadi mwaka 2004 kwa wasafiri kuufuata mto kwa mashua tangu Ethiopia hadi Bahari ya Mediterania. Lililomshinda tajiri wa St. Louis liliwashinda wengi kwa miaka 101.

Lakini kushindwa huko kulimwelekeza kusini. Punde baadaye aliingia katika nchi iliyoitwa wakati huo Himaya ya Afrika Mashariki ya Waingereza. Alizipenda nyanda zilizo baina ya Mto Athi na Mlima Kilimambogo, akajipatia maelfu ya ekari na kuanzisha shamba aliloliita Juja. Mji wa Juja ulio katika kaunti ya Kiambu, wenye chuo kikuu na maelfu ya wanafunzi, umechukua jina lake kutokana na shamba hilo.

Mgeni kutoka Ikulu ya Marekani

Shamba la Juja lilikuwa na mifugo na mimea, lakini sifa zake zilitokana na ukarimu wa mwenyewe. Mgeni aliyefika alipewa chumba, chakula, farasi na watu wa kumwongoza. Akitaka kulala porini, mahema yalikuwa tayari. Mwindaji na mtunzi wa vitabu wa Uingereza, Frederick Courteney Selous, alikuwa rafiki na mgeni wa nyumba hiyo.

Mgeni aliyewapita wote alikuja mwaka 1909. Theodore Roosevelt alitoka katika urais wa Marekani mwezi Machi mwaka huo, na tarehe 21 Aprili akashuka katika bandari ya Mombasa akiandamana na mwanawe Kermit. Selous alikuwa katika meli hiyohiyo. Roosevelt alikuwa amezipenda nyika tangu ujana wake. Akiwa rais, mwaka 1903, alilala nje kwa siku tatu katika bonde la Yosemite pamoja na John Muir, mtetezi mkubwa wa misitu, na katika utawala wake maeneo makubwa ya Marekani yalitengwa kuwa misitu na hifadhi za taifa.

Kambi yake ya kwanza Kenya ilipigwa Machakos. Treni ilimteremsha katika kituo cha Kapiti, ambako alikuta safu za mahema zimesimama uwandani na wapagazi zaidi ya 200 wamejipanga kumlaki. Bendera ya Marekani ilipepea mbele ya hema lake. Kutoka hapo alikwenda Kitanga, katika vilima vya Machakos, nyumbani kwa mlowezi Sir Alfred Pease, ambako alipata simba wake wa kwanza. Baadaye akaelekea Juja kwa McMillan, akakaa na kuwinda kando ya mito ya shamba hilo. Kisha akaenda mbali zaidi, hadi Sotik, Naivasha, Mlima Kenya na kaskazini katika Mto Ewaso Ng'iro, ambako nchi hugeuka kuwa jangwa.

Safari hiyo iligharamiwa kwa sehemu na jumba la makumbusho la Smithsonian mjini Washington, ambalo lilituma wataalamu watatu wa elimu ya viumbe. Walibeba tani nne za chumvi ya kuhifadhia ngozi. Roosevelt na mwanawe waliwaua wanyama 512, na vielelezo zaidi ya 11,000 vya wanyama, ndege, wadudu na mimea vilisafirishwa hadi Marekani. Magazeti ya dunia nzima yaliifuata safari hiyo hatua kwa hatua. Ndiyo iliyolifanya neno letu la Kiswahili, safari, kuingia katika midomo ya watu ambao hawajawahi kuiona Afrika, likabeba kwao maana moja tu: kwenda nyikani kujistarehesha.

Na humo ndimo ilimozaliwa biashara. Baada ya Roosevelt, kila tajiri alitaka safari kama yake, na makampuni ya Nairobi yaliyokodisha mahema, wapishi na waongozaji yakashamiri. Nyanda za Machakos, zilizo karibu na reli na karibu na Nairobi, zikawa sebule ya starehe hiyo. McMillan hakuwa mfanyabiashara wa safari, lakini nyumba yake ilikuwa mojawapo ya milango yake mikuu.

Mizigo kichwani

Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Hema la mgeni halikufika Kapiti au Juja kwa miguu yake. Lilibebwa.

Mpagazi mmoja alibeba mzigo wa ratili 60 hivi, yaani kama kilo 27, kichwani au begani. Juu ya mzigo huo aliongeza mkeka wake, sufuria ya chakula na posho yake. Kulikuwa na mnyapara wa kuwasimamia, askari wa kulinda kambi usiku, mpishi, boi wa hema, saisi wa farasi na mshika bunduki ambaye alisimama nyuma ya mwindaji mnyama alipokuja mbio. Bafu la turubai, viti vya kukunja, meza, vitabu na chupa za vinywaji, vyote vilikuwa na kichwa cha mtu chini yake. Jua lilipochwa, wapagazi walipiga vigingi vya hema la bwana kwanza, wakachota maji na kukata kuni, ndipo wakatafuta pa kujilaza wenyewe. Majina ya mabwana yamo vitabuni. Ya wapagazi, isipokuwa machache, yalipotea pamoja nao.

Kuna jambo jingine linalowagusa watu wa Machakos hasa. Wakamba walikuwa wawindaji hodari karne nyingi kabla ya bunduki ya mlowezi kusikika. Upinde wao na mishale yao yenye sumu vilijulikana hadi pwani, na misafara yao ya pembe za ndovu ilifika Mombasa katika karne ya 19. Waliijua nyika kwa jina la kila kijito. Serikali ya kikoloni ilipoweka sheria za wanyamapori, uwindaji ukawa jambo la leseni. Leseni ya mgeni aliyekuja kuwinda mwaka 1909 iligharimu pauni 50, sawa na rupia 750. Mkulima wa Matungulu au Kangundo angezipata wapi? Basi kitendo kilekile kikawa na majina mawili. Mwenye leseni aliitwa mwanaspoti, na mwenye upinde akaitwa jangili.

Ardhi nayo ilifuata mkondo huohuo. Vilima vya Mua na nyanda za malisho zilizopakana na Ukambani vilitwaliwa na walowezi, na wenyeji wakawekewa mipaka ya eneo lao. Nyika ambayo McMillan na wageni wake waliiona kuwa tupu ilikuwa, kwa jirani aliyeitazama kutoka mlimani, malisho ya wakati wa kiangazi.

Hatusemi kwamba McMillan alizitunga sheria hizo peke yake. Wengi waliokutana naye wamemweleza kuwa mtu mpole na mwenye mkono mwepesi wa kutoa. Lakini aliketi katika Baraza la Kutunga Sheria kwa niaba ya walowezi, na starehe aliyoipenda ilisimama juu ya sheria hizo kama vile hema linavyosimama juu ya vigingi.

Kambi za vita

Vita vya Kwanza vya Dunia vilipozuka mwaka 1914, uwanja wa kuwindia uligeuka kuwa uwanja wa vita. Mpaka wa Kenya na koloni la Wajerumani la Tanganyika ulikuwa karibu. Mwaka 1915 kikosi cha 25 cha Royal Fusiliers kiliwasili Mombasa. Kilijaa watu wa nyika: wawindaji, wasafiri na watu waliozoea kulala nje. McMillan alihudumu humo akiwa na cheo cha kapteni, licha ya mwili wake mkubwa. Selous naye alijiunga ingawa umri wake ulikuwa umepita miaka 60.

Vita havikuwa safari ya Juja. Malaria, kuhara damu na njaa viliua watu kushinda risasi. Selous alipigwa risasi na kufa tarehe 4 Januari 1917 huko Beho Beho, kusini mwa Tanganyika. Nyumba ya McMillan ya Chiromo mjini Nairobi, ambayo mwanzo ilikuwa ya Ewart Grogan na ambayo eneo lake ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Nairobi, iligeuzwa kuwa pahali pa maafisa wagonjwa kupata nafuu. Kwa huduma zake McMillan alitunukiwa cheo, na tangu hapo akaitwa Sir Northrup.

Wapagazi hawakutunukiwa. Wanaume wa Ukambani na wa sehemu nyingine za nchi waliandikishwa kwa nguvu katika kikosi cha wachukuzi, wakabeba risasi na vyakula vya jeshi hadi ndani ya Tanganyika. Makumi ya maelfu hawakurudi. Kumbukumbu yao iliyo hai zaidi jijini Nairobi ni jina la mtaa wa Kariokor, linalotokana na jina la Kiingereza la kikosi hicho. Mabega yaliyobeba bafu la mwanaspoti ndiyo yaliyobeba mzinga wa jeshi.

Safari ya mwisho mlimani

Baada ya vita McMillan alirudi katika shughuli zake za ardhi na siasa, lakini afya yake haikuwa ile ya awali. Mwaka 1925 alifariki mjini Nice, Ufaransa, akiwa na umri wa miaka 52.

Alikuwa ameueleza wosia wake mapema. Hakutaka kuzikwa St. Louis kwenye kaburi la jamaa zake wala katika makaburi ya Nairobi. Alitaka apelekwe Kilimambogo, mlima aliouangalia kila asubuhi. Mwili ulirejeshwa Kenya kwa meli, na msafara ukaanza kuupandisha mlimani. Masimulizi yaliyopokewa yanaeleza kwamba ilikusudiwa azikwe kileleni, lakini gari la kuvuta jeneza lilishindwa na mwinuko, nalo kaburi likachimbwa hapo lilipokwamia. Ndiyo maana amelala njiani, juu ya mteremko, si kileleni.

Mjane wake, Lady Lucie, hakurudi Marekani kuishi. Alibaki Kenya zaidi ya miaka 30 na kufariki mwaka 1957, akazikwa kando ya mumewe. Karibu nao amelazwa Louise Decker, mtumishi aliyekaa na familia hiyo kwa miaka mingi. Husemwa kwamba hata mbwa wao amezikwa hapo. Hiyo ndiyo kambi ya mwisho ya McMillan, na ni ndogo kushinda zote alizowahi kupiga.

Kambi nyingine, mwaka 1938

Lady Lucie alitaka mumewe akumbukwe mjini pia. Kwa mali yake na kwa msaada wa mfuko wa Carnegie, alijenga maktaba ya mawe yenye nguzo ndefu na sanamu mbili za simba mlangoni. Ilifunguliwa mwaka 1931. Ilikuwa ya Wazungu peke yao. Mwafrika aliweza kufagia ngazi zake, lakini hakuweza kuketi ndani na kufungua kitabu.

Mwaka 1938, miaka saba baada ya kufunguliwa kwake, maktaba hiyo iliwekewa sheria yake maalumu. Mwaka uohuo, watu wa Machakos walipiga kambi Nairobi. Serikali ilikuwa imedai kwamba mifugo ya Wakamba ni mingi mno na inaharibu udongo, ikatwaa zaidi ya ng'ombe 2,000 na kuwauza kwa bei ya chini. Kiwanda cha nyama kilikuwa kimefunguliwa Athi River, na kilihitaji ng'ombe. Hakuna aliyetaja kwamba malisho yalikuwa yamepungua kwa sababu yalikuwa yametwaliwa.

Zaidi ya watu elfu moja, wake kwa waume pamoja na watoto, walitembea kwa miguu hadi Nairobi wakiongozwa na Muindi Mbingu, wakitaka kumwona gavana. Walikaa nje kwa majuma kadhaa, wakalala chini ya anga, bila hema la turubai wala boi wa kuchota maji. Gavana alikwenda Machakos kuwahutubia, lakini hakuwashawishi. Mbingu alikamatwa na kupelekwa uhamishoni Lamu. Hata hivyo serikali ilirudi nyuma, na mpango wa kupunguza mifugo kwa nguvu ukasitishwa.

Hiyo nayo ilikuwa safari ya watu waliolala nje. Haikuwa ya kujistarehesha, na haikuandikiwa kitabu cha picha. Lakini jina la kiongozi wake lilipewa barabara katikati ya jiji, hatua chache tu kutoka maktaba ya McMillan. Mpita njia wa Nairobi anaweza kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine kabla ya kumaliza kula ndizi moja.

Mlima wa wote

Vitu viwili vilivyobeba kumbukumbu ya McMillan vilibadilika mikono katika muda usiofika miaka kumi. Mwaka 1962 maktaba ilikabidhiwa baraza la jiji la Nairobi, na milango iliyokuwa imefungwa kwa rangi ya ngozi ikawa wazi. Mwaka 1967 Kilimambogo nacho kilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa yenye eneo la kilomita mraba 20 hivi. Mwaka 1977 Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa wanyamapori, na enzi ya kambi za bunduki ikafikia kikomo.

Anayeupanda mlima huo siku hizi habebi bunduki. Hulipa kiingilio cha Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, na kwa kuwa nyati wangali wamo msituni, huandamana na askari wa shirika hilo. Njia ya kutoka langoni hadi kileleni ni kilomita tisa hivi. Mbega huruka matawini, ndege hulia msituni, na asubuhi isiyokuwa na ukungu mpandaji huona Mlima Kenya upande mmoja na Kilimanjaro upande wa pili, pamoja na majumba ya Nairobi yaking'aa mbali. Karibu na lango pana uwanja wa kupigia kambi. Mwanafunzi anaweza kufika hapo kwa matatu, akalitoa hema mkobani na kulisimamisha mwenyewe kabla ya maji ya chai kuchemka. Kazi iliyohitaji mnyapara na kundi la wapagazi huifanya peke yake.

Hata hivyo, ingekuwa kujidanganya kudhani kwamba swali la nyika limekwisha. Wapo Wakenya wengi ambao bado wanaamini kupiga kambi ni mambo ya wageni. Imani hiyo ilipandwa wakati ambapo mwenyeji aliyeonekana porini alikuwa ama mpagazi ama jangili, na haikung'oka siku bendera iliposhushwa. Mtoto wa Machakos anayekua akiutazama mlima huo bila kuukanyaga bado anaishi upande wa nje wa mpaka uliochorwa kabla babu yake hajazaliwa. Na hifadhi ya kilomita mraba 20, iliyozungukwa na mashamba na miji inayopanuka kila mwaka, haiwezi kutetewa na watu wasioijua.

McMillan alisafiri nusu ya dunia kutafuta mahali pa kulala hemani, akashindwa kaskazini, akapata alichokitaka chini ya Kilimambogo. Hakuna haja ya kulibomoa kaburi lake wala kulitia maua. Limekaa pazuri kwa kazi iliyolibakia: kuwa mahali pa vijana kutua mikoba, wakapumua, wakasoma jina la mtu ambaye zamani angewahitaji wabebe mizigo yake. Kisha huinuka, wakavaa mikoba yao wenyewe, wakaendelea hadi kileleni ambako yeye hakufika.